Maji Yalifika Wapi?

Sogeeni kwenye mkeka, ila mwenye matope miguuni akanawe kwanza pale bombani. Haya. Leo sina sungura wala fisi. Nina daftari la mistari, jalada lake limekunjamana kama uso wangu, na nina kisa cha mabishano yaliyotokea hapahapa Kajaga, chini ya mwembe huu, kati ya watu wazima wawili ambao kila mmoja alikuwa tayari kula yamini. Mmoja wao ni mimi.

Mnajua ziwa letu la Tanganyika lilivyotufanya. Lilipanda mwaka 2020, likapanda zaidi 2021, likatuachia nafasi ya kupumua, kisha 2024 likarudi. Kule Gatumba watu walihama na magodoro kichwani. Huku kwetu maji yaliingia bila kubisha hodi, na kiboko, ambaye tangu zamani hutoka ziwani usiku kuja kula majani ya watu, akawa hana tena haja ya kutoka. Bustani zenyewe zilikuwa zimemfuata.

Sasa jirani yetu mvuvi alitaka kujenga ukuta, naye si mtu wa kumwaga saruji yake majini. Akaja kuniuliza, "Mama, mwaka ule wa 2021 maji yalifika wapi?" Nikamwambia yaliishia kwenye mwembe. Akatikisa kichwa. "Hapana, Mama. Yalipita mwembe, yakafika kwenye ngazi ya jiko." Tukaanza. Mimi nikaapa kwa macho yangu, yeye akaapa kwa nyavu zake. Chai ikapoa. Mjukuu wangu, ambaye wakati ule wa maji alikuwa na miaka tisa, akainuka bila kusema neno, akaingia ndani, akatoka na daftari hili. Akafunua kurasa, akasoma:

"Jumanne. Maji yamefika kwenye jiwe la kufulia. Bata wa jirani ameogelea jikoni kwetu. Tumekula maharage na ndizi bila mawese kwa sababu chupa imeelea ikaenda. Mama alicheka sana, kisha akalia."

Jiwe la kufulia ni lile pale, nyuma ya jiko. Geukeni mlitazame. Ni mbali kuliko mwembe wangu, na ni mbali kuliko ngazi ya mvuvi. Sote wawili tulikuwa tumeyarudisha maji nyuma, kila mtu kwa kadiri alivyotaka kusahau. Mvuvi akapima kwa hatua, akahamisha kamba za ukuta wake, akaenda zake chai haijaisha.

Huyu mtoto hakuandika kwa ajili ya ukuta wa mtu. Aliandika kwa sababu hakukuwa na pa kuchezea. Na kisa hicho hakijaisha, nitakirudia, lakini kwanza niwapeleke mahali ambapo si mbali kwa miguu, ila ni mbali kwa miaka.

Mto Rusizi mnaujua. Ukishika barabara ya Gatumba kutoka hapa unauvuka darajani. Unatoka ziwa Kivu, unateremka zaidi ya kilomita 100, na ukikaribia kwetu unagawanyika mikono miwili, Rusizi kubwa na Rusizi ndogo, katikati ya matete ya viboko na mamba. Sasa nawauliza: Rusizi unaingia ziwa Tanganyika, au unatoka ndani yake?

Mnacheka. Ndiyo, chekeni. Mtoto yeyote aliyewahi kuangusha kandambili mtoni anajua imeelekea wapi. Lakini wasomi wa Ulaya waliobeba ramani na darubini walibishana juu ya swali hilo kwa miaka 13.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika Ujiji wakitafuta chanzo cha mto Nile. Walisikia kwamba kaskazini mwa ziwa kuna mto mkubwa, na Burton akatamani sana uwe unatoka ziwani kwenda kaskazini, maana hapo angekuwa ameupata Nile. Wakapanda mitumbwi hadi Uvira, ng'ambo yetu pale ambapo mnaona taa usiku. Burton alikuwa mgonjwa, ulimi umejaa vidonda hata kusema ni shida. Wakaja vijana watatu, wana wa mtawala wa upande ule, wenye afya zao, wakaulizwa habari za mto. Wote wakajibu jambo moja: unaingia. Burton akaandika jibu hilo katika kumbukumbu zake kwa moyo uliovunjika, akarudi bila kuufikia mdomo wa mto.

Huko kwao akagombana na Speke, na kufikia 1864 akawa anadai kwamba Rusizi huenda unatoka ziwani hata hivyo. Yale aliyoambiwa Uvira aliyaweka kando. Ndipo mwezi wa Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley, waliokuwa wamekutana Ujiji muda si mrefu kabla ya hapo, wakaazima mtumbwi na kufuata pwani ya Burundi kwenda kaskazini. Mugere, kusini mwa Bujumbura, kuna jiwe kubwa lililochongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Wengine wenu mmeshapanda juu yake kupiga picha. Walipokewa na Mukamba, mtawala wa nchi iliyoitwa Usige, kisha wakaingia kwenye matete ya mdomo wa Rusizi. Mkondo ukawajia usoni. Unaingia. Basi, shauri likaisha, na sifa wakapewa wao.

Mimi hapo huwa nakwazika, na nimekwazika tangu nilipokuwa mwanafunzi. Wapiga makasia wa mtumbwi ule walijua. Wanawake waliokuwa wakichota maji mtoni walijua. Hata mbuzi wao walijua. Lakini hakuna hata mmoja wao ambaye leo ninaweza kusoma siku yake ilivyokuwa: alikula nini, alimwimbia mtoto wimbo gani, aliwaonaje wale wageni wawili wenye ndevu wakishangilia mto unaotelemka kama mito yote. Watasema hatukuwa na kalamu, na ni kweli kwa wakati ule. Lakini leo kalamu zipo, na bado mkiulizwa mwandike nini mnanijibu, "Bibi, hapa Kajaga hakuna kitu, kila siku ni zilezile." Hayo ya kila siku ndiyo mtu haoni haja ya kuyaandika, kwa kuwa yumo ndani yake na kila mtu anayajua. Kisha wale wote wanaoyajua wanazeeka.

Stanley huyu alikuwa na makosa mengi, mengine ya damu, na sitaki mumfanye shujaa. Lakini jicho lake la kuandika vitu vidogo lilikuwa zuri. Mwaka 1871 aliona michikichi mitatu sokoni Ujiji. Aliporudi 1876 akaitafuta, akaikuta imesimama ndani ya ziwa. Michikichi haitembei, kwa hiyo ziwa ndilo lililotembea. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango pekee wa maji ya Tanganyika kutoka, na wakati ule ulikuwa umezibwa na tope na mimea, basi maji yakawa yanapanda mwaka hadi mwaka. Karibu na 1878 mlango ukafunguka kwa nguvu ya maji yenyewe na ziwa likashuka mita kadhaa. Wanaochunguza tabia ya ziwa hili bado hurudi kwenye maneno kama hayo ya wasafiri na wakazi, maana enzi zile hakukuwa na kipimo kilichosimikwa bandarini. Michikichi mitatu ya sokoni, na jiwe la kufulia la mjukuu wangu. Kwangu mimi ni ndugu.

Na asije mtu akaniambia hana daftari. Kabla ya kukutana na Stanley, mwaka huohuo wa 1871, Livingstone alikuwa Nyangwe, Kongo ya mashariki, karatasi zimemwishia na wino umekauka. Alikuwa na gazeti kuukuu la London, The Standard la tarehe 24 Novemba 1869. Akaligeuza upande, akaandika kukatisha maandishi yaliyopigwa chapa, kwa wino uliotokana na mmea wa rangi ambao watu wa kule waliuita zingifure. Alipenda kwenda sokoni Nyangwe kuwatazama wanawake wakipatana bei. Na kwa kuwa alizoea kwenda na kuandika, tarehe 15 Julai watu wenye bunduki walipofyatulia risasi soko lile na kuua mamia, kulikuwa na shahidi mwenye karatasi. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza hasira dhidi ya biashara ya watumwa, na 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa.

Wino ule wa mmea ulififia hata kurasa nyingi hazikusomeka tena. Mwaka 2011 ndipo watafiti walipofanikiwa kuyatoa maneno kwa kupiga picha kurasa hizo chini ya mianga ya rangi mbalimbali. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni wa bei rahisi: andikeni kwa penseli. Wino wa kalamu zenu ukiloa unakimbia kama kuku. Penseli hukaa palepale. Daftari hili liliingiwa na maji mwaka 2024, tazameni, kurasa zimevimba, na Jumanne ile bado inasomeka.

Sasa tule. Namaanisha, tuzungumze chakula, maana hapo ndipo watoto wengi huandika vibaya kuliko pote. "Leo tumekula ndagala. Zilikuwa tamu." Hiyo si habari! Ndagala gani? Wabichi au wakavu? Nani aliwanunua, wapi, bakuli moja faranga ngapi? Walikaangwa, au walipikwa na nyanya na bilinganya? Walikuwa na mchanga? (Wa juzi walikuwa na mchanga, msinifiche.)

Ndagala ana mambo mengi kuliko ukubwa wake. Watu wengine hudhani ni vitoto vya samaki wakubwa. Sivyo. Ni samaki wazima wa aina mbili, na asili yao ni ziwa hili tu. Aina moja ilichukuliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 ikapandikizwa ziwa Kivu, ndiyo wale ambao huko juu wanawaita sambaza. Mvuvi wetu huwatafuta usiku wa giza. Zamani walikwenda na karabai zilizovuma kama nyuki, siku hizi ni taa za betri. Mwanga huwavuta ndagala juu, nao wavu unawangoja. Lakini mwezi ukiwa mpevu ziwa zima linang'aa, taa ya mvuvi inakuwa kama kibiriti mchana, basi mitumbwi hupumzika.

Mjukuu wangu hakuyajua haya alipoanza kuandika tulichokula. Aliandika tu: ndagala, ndagala, ndagala, maharage, maharage, sombe, ndagala. Baada ya miezi mitatu akaanza kuhesabu kwa kidole, akanijia mbio: "Bibi, kuna siku ndagala hupotea halafu wanarudi, tena ni kila baada ya wiki nne hivi!" Nikamwambia atoke nje usiku atazame juu. Mwezi ulikuwa ndani ya daftari lake la chakula muda wote huo, na hakuna aliyemfundisha.

Halafu majina. Andikeni majina jinsi yanavyosemwa nyumbani, na mkisikia mtu wa mahali pengine anaita vingine, yaandikeni yote. Samaki wetu wa sherehe ni mukeke, anayechomwa mkaani, akaletwa mezani na ndizi za kukaanga, kitunguu na pilipili ya kukufanya umwite mama yako. Ukivuka kwenda Kigoma ukauliza mukeke, mwenye duka anaweza kukutumbulia macho; yeye anamwita mgebuka. Sombe yetu, majani ya muhogo yaliyotwangwa, kwa Watanzania ni kisamvu. Lengalenga wao wanaiita mchicha. Mishikaki hapa mjini ni brosheti, neno tulilolirithi kwa Wafaransa na Wabelgiji, na wengine wenu mnadhani ni la Kirundi. Nilikulia Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ambako sentensi moja ilianza Kirundi, ikapita Kifaransa, ikafika Kiswahili kabla ya nukta. Mwalimu akisahihisha hiyo shuleni ni haki yake. Kwenye daftari lenu msiisahihishe.

Kuhusu vipimo, hapo nilipata aibu yangu. Mjukuu wangu aliniomba nimwambie ninavyopika maharage na ndizi, nami nikasema, "Chumvi kiasi, mawese kiasi, maji kiasi." Akaandika "kiasi" mara tatu, akatazama ukurasa, akaninunia. Siku ya pili akasimama karibu na sufuria, na mkono wangu wenye chumvi ulipokuwa hewani akaukamata kama polisi, akaimwaga chumvi ile kwenye kikombe cha chai. Akapima kwa kijiko. "Kiasi" changu ni kijiko kimoja cha chai na robo. Miaka hamsini ninapika, sikujua. Akafanya vivyo hivyo na mawese, na hapo akagundua kitu ambacho nisingependa wote mkijue, kwamba ninapokuwa na wageni kiasi changu ni kikubwa zaidi.

Michezo na mambo mnayoyapenda nayo yana nafasi, ila msiandike "nimecheza mpira" mkafunga. Mpira wenyewe mliufunga kwa kitu gani? Goli lilikuwa ndala za nani? Kuna kijana mmoja hapa mtaani anayeandika majina yaliyopakwa rangi kwenye mitumbwi. Ana kurasa nne sasa, na ukizisoma mfululizo unaona wavuvi wanaomba nini kwa Mungu na wanawasema akina nani kwa mafumbo. Mwingine hucheza igisoro na babu yake, ule ubao wa mashimo 32, na baada ya kila mchezo anachora mashimo na kete zilizobaki. Babu haijui siri hiyo. Karibu atafungwa.

Nikisema mambo ya ziwa lazima mtaniuliza habari za Gustave. Naona tayari kuna mikono juu. Gustave ni mamba mkubwa wa Rusizi na mwambao huu, aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye, ambaye kwa miaka alimfuatilia na kujaribu kumnasa kwa kizimba cha chuma. Filamu ya jaribio hilo ilitoka 2004, na mamba hakunaswa. Wengine husema amekula watu mia tatu. Wengine husema ameshakufa. Mwingine aliniambia, tena kwa uso mkavu, kwamba risasi zikimpiga hurudi.

Hapo ndipo daftari linahitaji mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika "nimeona", upande wa pili "nimesikia". Mjukuu wangu siku moja aliandika upande wa kuona: "Alama ya tumbo la mamba mchangani, upana wake viatu vyangu vitatu." Upande wa kusikia: "Mvuvi anasema ni Gustave." Sikumwambia aufute upande wa pili. Jinsi watu wa mwambao huu wanavyomhofia mamba ni kweli yetu pia, ila ni kweli ya aina nyingine, na siku moja mtu atataka kujua ni ipi. Burton angekuwa na ukurasa wa namna hiyo asingetusumbua miaka saba juu ya Rusizi.

Labda mnadhani kazi hii ni ya wazungu na mimi nawaiga. Hapana. Bagamoyo alikuwepo mtu anaitwa Mtoro bin Mwinyi Bakari, msomi wa dini aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Kule kwenye baridi aliandika kuhusu kwao: mtoto anavyozaliwa na kupewa jina, michezo ya watoto, ngoma, vyakula, harusi, mizimu, watu wanavyoamkiana. Kitabu kilitoka 1903, Desturi za Wasuaheli, na jina la Mjerumani Carl Velten, aliyekihariri, ndilo lililotangulia, jambo ambalo linanikwaza vilevile. Watu wa Bagamoyo wa wakati ule wangekisoma wangesema, "Haya nani hayajui?" Leo anayetaka kujua watoto wa pwani walicheza nini kabla ya babu zetu kuzaliwa huanzia humo. Mtoro hakurudi kuishi kwao. Alifariki Berlin mwaka 1927. Mimi hudhani alikuwa anaandika ili asikie sauti za nyumbani, lakini hilo liwekeni upande wa "nimesikia".

Bado jambo moja, na hili silicheki. Daftari la maisha ya kila siku lina watu ndani yake, na watu hao hawajakuomba uwaandike. Shangazi yako akikuambia shida yake ya ndoa wakati mnachambua lengalenga, andika lengalenga. Deni la jirani si lako. Na ukiandika kuhusu mtu jambo ambalo litamwuma, usimsomee mwingine kabla hujamsomea mwenyewe.

Ndiyo, ndiyo, mmeshanikamata. Mjukuu wangu alimsomea mvuvi kwamba mama yake alilia.

Hicho ndicho kipande cha kisa nilichokiacha. Mvuvi alipoondoka kwenda kupima ukuta wake, tulibaki tumenyamaza chini ya mwembe, kwa sababu mkwe wangu, mama yake mtoto, alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote. Mtoto naye akajua kwamba amesikia. Akafunga daftari taratibu na kulikalia. Nikawa nafikiria la kusema na silipati.

Mkwe wangu akaja, akakaa mkekani, akasema, "Mwanangu, soma tena hapo mwisho."

Mtoto akalitoa daftari chini yake, akasoma kwa sauti ndogo. Mama alicheka sana, kisha akalia.

"Hapo pana kosa," mama yake akasema. "Umeandika kama vile nililia kwa ajili ya maji. Maji nilikuwa nimeshayazoea, na bata alinichekesha kweli. Ile chupa ya mawese ndiyo iliyoniliza. Mama yangu ndiye aliyenibebea kutoka Rumonge, safari yake ya mwisho kuja huku. Nilikuwa naitia kidogo kidogo isiishe."

Sikuyajua hayo. Nilikuwa naishi naye nyumba moja, chupa ile niliiona kila siku karibu na jiko, na mara mbili nilimgombeza kwamba ananyima mboga mafuta.

Mtoto akauliza kama afute. Mama yake akasema asifute, kwa kuwa aliyoyaona aliyaona sawasawa. Basi akachonga penseli kwa kisu cha vitunguu, akaandika pembeni ya ile Jumanne kwa herufi ndogo zilizobanana, akaweka tarehe ya siku hiyo. Kisha akainua kichwa.

"Mama, mawese ya Rumonge yana rangi gani yakiwa mapya?"